Freddie Mercury: Mtoto wa Mji Mkongwe aliyeitikisa Uingereza

WAPO wapenzi wengi wa kundi la Queen wasiojua hadi leo kwamba mwimbaji wake alizaliwa Unguja. Mwenyewe hakupenda kulizungumzia jambo hilo.

Freddie Mercury alizaliwa Septemba 5, 1946, Mji Mkongwe, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India. Baba alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako wenzake walianza kumwita Freddie na ambako alipiga piano katika bendi ya wanafunzi. Alirejea Unguja mwaka 1963, lakini hakukaa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilikimbilia Uingereza, ikaishi Feltham, magharibi mwa London.

Linalosahaulika ni kwamba huko hakusomea muziki bali uchoraji na usanifu wa picha, akahitimu Chuo cha Sanaa cha Ealing mwaka 1969. Jicho la mchoraji halikumwacha tena. Ndiye aliyelipa kundi jina la Queen mwaka 1970, na ndiye aliyechora nembo yake kwa kutumia alama za nyota za wanamuziki wote wanne. Hata "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 imeungwa kama picha ya vipande: wimbo wa taratibu, kisha opera, kisha roki, takriban dakika sita bila kiitikio. Wengi walidhani redio hazingeupiga. Ulishika namba moja Uingereza kwa wiki tisa.

Jukwaani alishika nusu tu ya stendi ya maikrofoni, kama bakora ya mfalme. Julai 13, 1985, katika uwanja wa Wembley, dakika zipatazo 20 zilimtosha kuwateka watu wapatao 72,000.

Alifariki dunia Novemba 24, 1991, akiwa na umri wa miaka 45, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba anaugua Ukimwi.

Nyumbani hakupokewa kwa moyo mmoja. Mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya jumuiya ya Uamsho kuipinga, kwa hoja kwamba maisha yake yalikuwa kinyume na maadili ya Visiwani. Miaka 13 baadaye, mwaka 2019, makumbusho yake yalifunguliwa Shangani, katika nyumba ambayo inaelezwa kuwa familia yake iliwahi kuishi.