Julius Nyerere: Mwalimu Aliyeijenga Falsafa Yake

Soma habari ifuatayo kwa makini, ukizingatia vitenzi vilivyobeba virejeshi.

Julius Kambarage Nyerere, ambaye watu wa Afrika Mashariki walizoea kumwita Mwalimu, alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mtoto huyo hakuingia darasani mpaka alipofikia umri wa miaka 12, alipopelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma. Kabla ya hapo alichunga mifugo, na yote aliyoyajua alifunzwa nyumbani.

Baada ya kusoma Tabora, aliingia Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu, katika mji huuhuu wa Kampala uliomo Kyambogo yetu. Huko alisoma maandishi ya John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza aliyetetea haki za wanawake. Angeweza kuyakariri mawazo hayo kwa ajili ya mtihani, kisha akayasahau. Badala yake aliandika insha iliyoyapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Jambo hilo halikuwa geni kwake, kwani mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi. Hapo ndipo ilipoota mbegu ya falsafa yake: elimu itokayo mbali haina budi kujibu maswali ya nyumbani.

Alipohitimu mwaka 1945, alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa ya wamisionari Wakatoliki. Wakati wa jioni aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskoti, na aliporejea na shahada alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1955, akiwa rais wa chama cha TANU, alilazimika kuchagua kati ya darasa lililompa mshahara na siasa isiyokuwa na hakika. Aliliacha darasa, ingawa alikuwa na familia changa. Jina la Mwalimu halikumwacha.

Mwaka 1967, akiwa Rais wa Tanzania, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alizilaumu shule zilizowaandaa watoto wote kwa mtihani ambao wachache tu wangefaulu, na ambazo ziliwatenga na wazazi wao wakulima. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki katika kuipanga kazi yao. Hata hivyo, katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa jembe tupu, lisilohusiana na somo lolote. Walimu walilipokea wazo hilo kama amri. Hawakulipata kwa kufikiri, kama alivyolipata yeye.

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Maisha yake yanatuonyesha kwamba falsafa ya kufundisha haiazimwi, hata kutoka kwa rais. Kila mwalimu huijenga mwenyewe, kwa yale aliyoyaishi na kwa watoto anaowafundisha.

Zoezi
1. Orodhesha vitenzi kumi vyenye virejeshi, kisha utaje nomino inayorejelewa na kila kimoja.
2. Kabla hujaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, andika aya moja kuhusu mwalimu unayetaka kuwa. Tumia virejeshi visivyopungua vitano.