Carl Meinhof na Asili ya Viambishi vya Njeo

Carl Meinhof alizaliwa mwaka wa 1857 katika jimbo la Pomerania, Ujerumani. Alisomea theolojia, akawa mwalimu, na mnamo 1886 akawa mchungaji katika kijiji cha Zizow. Huko alifunzwa Kiduala na kijana kutoka Kamerun, Njo Dibone. Hivyo basi, mwalimu wa kwanza wa mtaalamu huyu mashuhuri wa lugha za Kiafrika alikuwa Mwafrika.

Mwaka wa 1899 Meinhof alichapisha kitabu kuhusu fonolojia ya lugha za Kibantu, na mwaka wa 1906 akatoa sarufi linganishi. Alilinganisha sauti za lugha hizo kwa utaratibu na kuunda upya maumbo ya lugha-mame. Kanuni moja ingali inaitwa kwa jina lake: silabi mbili zinazofuatana zikiwa na nazali iliyoungana na konsonanti ghuna, muungano wa kwanza hubakia nazali tu. Ndiyo maana tunasema ng'ombe, wala si ngombe.

Ulinganishi wa aina hii huangaza pia historia ya vitenzi visaidizi. Kiambishi -ta- cha wakati ujao kilitokana na kitenzi taka, kilichosinyaa kifonolojia na kumezwa na kitenzi kikuu. Ushahidi umo katika virejeshi: twasema atasoma, lakini atakayesoma. Vivyo hivyo, -me- huhusishwa na kitenzi cha kale mala, yaani maliza. Kilichokuwa neno kamili kimegeuka kuwa mofimu.

Mwaka wa 1902 Meinhof alizuru Afrika Mashariki, na kuanzia 1909 alifundisha Hamburg. Hata hivyo, sifa zake zina doa. Katika kitabu chake cha 1912 kuhusu lugha alizoziita za Kihami, alichanganya isimu na dhana za ubora wa rangi. Na mwaka wa 1933 alijiunga na chama cha Nazi. Joseph Greenberg alionyesha baadaye kwamba uainishaji huo haukuwa na msingi wa kiisimu. Meinhof alifariki mwaka wa 1944.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kumsoma kama alaye samaki: mbinu yake ya ulinganishi ni nyama, nadharia yake ya rangi ni miiba. Aliposhikamana na ushahidi wa sauti, kazi yake ilidumu, alipouacha, ilianguka.