Muuza Vitambaa Aliyeona Yaliyofichika

Kila mwanafunzi wa Biolojia aliyepata kubandua utando wa kitunguu, akautonea ayodini na kuutazama kwa hadubini, amefuata nyayo za mtu ambaye hakusoma chuo kikuu chochote. Mtu huyo ni Antonie van Leeuwenhoek. Mimi ni mwanaisimu, wala si mwanasayansi. Ninamtaja kwa ajili ya lugha yake.

Alizaliwa mwaka wa 1632 mjini Delft, Uholanzi, mwana wa msusi wa vikapu. Akiwa na umri wa miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa, na mwaka wa 1654 akarejea kwao na kufungua duka. Wauza nguo wa zama hizo walikagua nyuzi kwa vioo vya kukuzia. Yeye hakukomea hapo. Alisaga vioo vidogo mno, akavibana baina ya mabamba mawili ya shaba au fedha. Hadubini yake mojawapo iliyosalia hukuza kitu zaidi ya mara 250.

Ustadi wake haukuwa wa vioo pekee. Alikata kizibo kwa wembe vipande vyembamba ajabu, na vimiminika akavitia katika mirija myembamba ya kioo. Nyuzi za misuli zilipokosa kuonekana bayana, alizitia rangi ya zafarani. Na kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha vitu vidogo kiasi hicho, alivilinganisha na chembe ya mchanga au unywele wa kichwa chake.

Mwaka wa 1674 aliona viumbe hai katika maji ya ziwa. Mwaka wa 1676 aliiandikia Royal Society ya London kuhusu viumbe vidogo zaidi, miongoni mwavyo bakteria. Wasomi walishuku, hadi Robert Hooke alipovithibitisha mwaka wa 1677. Mwaka wa 1680 muuza vitambaa huyo alifanywa mwanachama.

Hayo yote aliyaandika kwa Kiholanzi cha nyumbani, maana hakujua Kilatini, lugha ya wasomi. Viumbe vile aliviita kwa neno la kawaida lenye maana ya vinyama. Kutafsiri ilikuwa kazi ya wengine. Aliendelea kuandika hadi alipofariki mwaka wa 1723, akiwa na miaka 90.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya, lakini katika maabara zetu bado ni mgeni. Hoja kwamba hakina istilahi hainiridhishi, kwani istilahi huzaliwa na matumizi. Walimu wenzangu, mwacheni mwanafunzi aeleze kwanza kwa Kiswahili alichokiona, kisha mfundisheni jina lake la Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Asiyeruhusiwa kusema anachokiona hujifunza kukariri asichokiona.