Charlotte Brontë na Hela za Mama Mkubwa

Akina mama wenzetu, katika kijitabu hiki cha miaka kumi tumeona tuweke habari za mwanamke wa Uingereza ya zamani, Charlotte Brontë. Habari zake zina hela ndani yake, na mambo ya hela sisi tunayajua.

Alizaliwa mwaka 1816, binti wa kasisi. Mama yao alifariki mwaka 1821, wakalelewa na mama yao mkubwa katika kijiji cha Haworth. Tangu utotoni Charlotte alitaka kuwa mwandishi, ila hakujiamini. Akiwa na miaka 20, mwalimu aliyechoka, akampelekea Robert Southey, malenga mkuu wa nchi, mashairi yake ayapime. Jibu lilikuja mwaka 1837: kipaji kipo, lakini uandishi si kazi ya mwanamke. Charlotte akamshukuru, akaahidi kutotamani tena kuona jina lake kitabuni. Eti akashukuru!

Basi akaenda kufundisha watoto majumbani kwa wenye nazo. Mwaka 1841 mshahara wake ulikuwa pauni 20 kwa mwaka, na humo humo akikatwa 4 za dobi.

Mama mkubwa alifariki mwaka 1842, akawaachia urithi. Mwaka 1846 Charlotte na wadogo zake, Emily na Anne, walichota humo pauni 30 na ushei, wakalipia kitabu cha mashairi yao, kwa majina ya bandia yasiyoonyesha kama ni wanawake. Mwaka mzima ziliuzwa nakala mbili. Mbili tu! Kwetu mkopaji wa namna hiyo angeitwa kikaoni.

Hadithi yake ndefu nayo ikawa inakataliwa na wachapishaji, mmoja baada ya mwingine. Agosti 1846 alikuwa Manchester akimuuguza baba yake, aliyepasuliwa mtoto wa jicho. Huko huko, mzee amelala chumbani gizani, mswada ukarudishwa tena. Charlotte akaanza mwingine. Huo ndio uliokuja kuwa Jane Eyre, kilichotoka Oktoba 1847. Kitabu hicho kilimpatia pauni 500 kwa jumla, yaani mshahara wa ualimu wa miaka 25, kabla ya dobi.

Mchapishaji wake bado alikuwa hamjui. Julai 1848 Charlotte na Anne walipanda treni ya usiku hadi London, wakaingia ofisini kwake, na Charlotte akamkabidhi mkononi barua aliyomwandikia yeye mwenyewe.