Crowther, askofu aliyeinuliwa na London kisha akapokonywa kazi yake

SAMUEL Ajayi Crowther alipofariki jijini Lagos mnamo Desemba 31, 1891, alikuwa angali askofu kwa jina. Kazi aliyoijenga kwa zaidi ya miaka 30 kandokando ya Mto Niger ilikuwa imekwisha kutwaliwa mikononi mwake.

Waliomnyang'anya hawakuwa wafalme wa kienyeji wala wafanyabiashara. Walikuwa wajumbe wa shirika la CMS la Uingereza, lile lile lililomtuma Krapf Mombasa mwaka 1844, na ambalo lilimsomesha Crowther, likamlipa mshahara na kumwinua hadi akawa Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu wa Kianglikana.

Alizaliwa karibu mwaka 1809 mjini Osogun, katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo iko kusini magharibi mwa Nigeria. Mwaka 1821 wavamizi waliuteketeza mji huo na kumteka pamoja na mamake. Kijana huyo aliuzwa mara kadhaa kabla ya kupakiwa katika meli ya Wareno. Aprili 1822, manowari ya Uingereza iliyokuwa ikipiga doria dhidi ya biashara ya watumwa iliikamata meli hiyo, na mateka wakateremshwa Sierra Leone.

Huko alibatizwa mwaka 1825, na miaka miwili baadaye akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Ukasisi aliupata London mwaka 1843. Akiwa mmishonari Abeokuta mwaka 1846, alikutana tena na mamake waliyepoteana naye miaka 25 hivi iliyotangulia.

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa Henry Venn, katibu wa CMS. Venn alishikilia kwamba kanisa la wenyeji lapaswa kujilisha, kujitawala na kujieneza lenyewe, naye mmishonari wa kigeni ashike njia aende kwingine. Ndipo mwaka 1857 ikaanzishwa misheni ya Niger, ambayo watumishi wake walikuwa Waafrika. Juni 29, 1864, Crowther, ambaye mwanzoni alisitasita kukipokea cheo hicho, aliwekwa wakfu katika kanisa kuu la Canterbury.

Hata hivyo, sherehe hiyo ilificha ufa. Wamishonari wazungu wa Abeokuta hawakutaka kuwa chini ya askofu mweusi, hivyo mji huo uliachwa nje ya mamlaka yake, ingawa ndiko kulikokuwa na watu wa lugha yake.

Ufa wa pili ulikuwa wa fedha. Mishahara ya wahubiri ilitoka London, na kwa muda mrefu safari za mtoni zilitegemea meli za wafanyabiashara. Wengi wa wahubiri hao walitoka Sierra Leone, nao walikuwa wageni kwa lugha za Niger. Vituo vilikuwa mbali mno, askofu akizidi kuzeeka. Haitakuwa haki kuficha kwamba baadhi ya watumishi wake walipotoka, na kwamba mzee alikuwa mpole kupita kiasi katika kuwaadhibu.

Venn alifariki mwaka 1873 na upepo ukageuka. Usimamizi wa fedha ulianza kuondolewa kwa askofu. Kisha wakaja vijana wenye ari kali kutoka Uingereza, miongoni mwao Graham Wilmot Brooke na J. A. Robinson. Katika kikao cha kamati huko Onitsha, Agosti 1890, watumishi Waafrika walisimamishwa kazi, akiwemo Dandeson, mwanawe Crowther. Mzee wa miaka 80 hivi alijiuzulu kutoka kamati hiyo papo hapo. Robinson alifariki mwaka 1891, Brooke mwaka 1892.

Makanisa ya delta ya Niger, yakiwemo ya Bonny, yalikataa. Mwaka 1892 yalijitenga na usimamizi wa CMS chini ya Dandeson na kujilipia gharama zao, bila kuuacha Uanglikana. Hayo, na si London, ndiyo yaliyotimiza wazo la Venn.

Mahali pa Crowther alipewa mzungu, Joseph Sidney Hill, huku Waafrika wakipewa nafasi za maaskofu wasaidizi. Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Ilikuwa Juni 2014 ambapo Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliomba radhi katika kanisa lile lile kwa jinsi mzee huyo alivyotendewa.