Mzee Idris na vyuo viwili vya mdogo wangu

Ukimuuliza mwanafunzi wa hapa Unguja Idris Abdul Wakil ni nani, wengi watakwambia ni ukumbi. Ule wa Kikwajuni, tunakokwenda kwenye makongamano. Mimi ni wa Makunduchi, na kwetu yeye ni mtu. Kaburi lake liko kijijini na viongozi huja kumuombea dua. Lakini nakiri, maisha yake sikuwahi kuyafuatilia mpaka mdogo wangu alipochaguliwa vyuo viwili kwa mpigo.

Mdogo wangu anataka uhandisi wa ujenzi. Majina yalipotoka, kajiona yumo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na yumo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Utaratibu tunaujua sote: ukipata zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho. Nyumbani hakukulalika. Mama alitaka Dar, maana ni kupanda boti tu na mtoto akiumwa anafikika. Baba mdogo alitaka Mbeya, kwa kuwa kile kilianza kama chuo cha ufundi, na yeye anaamini fundi husoma kwa mikono. Mwenyewe mhusika alikuwa hajui. Akanijia mimi, niliyetangulia chuo kikuu, halafu akaongeza kwamba labda sitaweza kumsaidia kwa vile nasomea ualimu tu.

Hiyo "tu" iliniuma. Ndipo nikamkumbuka Mzee Idris, kwa sababu na yeye alisomea ualimu tu.

Alizaliwa Makunduchi tarehe 10 Aprili 1925. Wakati wake kijana wa shamba aliyefanya vizuri skuli hakukaa kuchagua baina ya vyuo viwili. Visiwani hakukuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mlango ulikuwa Makerere, Uganda, na kuufikia ilibidi uvuke bahari kisha ukate bara. Alikuwa huko kuanzia 1949 hadi 1951, Makerere ndiyo kwanza imefungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Akarudi mwalimu.

Hata angetamani uhandisi, angeukosa. Masomo hayo kwa Afrika Mashariki yalikuja kuwekwa Nairobi, kwenye chuo kilichofunguliwa 1956. Dar es Salaam ilipata kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Yaani hicho kinachomkosesha mdogo wangu usingizi, kwa kizazi cha Mzee Idris hakikuwepo kabisa.

Alifundisha kwa zaidi ya miaka 10, kisha siasa za Afro-Shirazi zikamchukua. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 akaingia kwenye baraza la kwanza la mawaziri, na wizara aliyopewa ilikuwa ya Mawasiliano na Ujenzi. Hapo nilicheka peke yangu. Mwalimu wa Makunduchi kakabidhiwa barabara na majengo, kazi ya wahandisi! Baadaye akawa balozi Ujerumani Magharibi, na akawa Spika wa Baraza la Wawakilishi, chombo kilichoanza 1980.

Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi alipokwenda kuongoza Muungano, chama kilimteua Mzee Idris kugombea urais wa Zanzibar, akimpita Seif Sharif Hamad kwa kura chache. Alikuwa mgombea pekee, wananchi wakipiga ndiyo au hapana. Ndiyo zilishinda, ila hapana zilikuwa nyingi, hasa Pemba. Miaka yake haikuwa myepesi. Januari 1988 alilivunja baraza la mawaziri, Maalim Seif akaondoka kwenye uwaziri kiongozi na nafasi ikashikwa na Dk. Omar Ali Juma. Wapo wanaomlaumu mpaka leo kwa mpasuko ule, na sisi watu wa Makunduchi hatupendi kulizungumza. Ila jambo moja hata wanaomlaumu hawalikatai: mwaka 1990, baada ya kipindi kimoja, aliondoka, Salmin Amour akashika. Alifariki tarehe 15 Machi 2000.

Nilimsimulia mdogo wangu yote haya. Akasikiliza, kisha akauliza yanahusiana nini na Dar na Mbeya. Swali la haki. Nikamwambia ahesabu: alichosomea Mzee Idris kilimtosha kwa kazi yake ya kwanza. Uwaziri, ubalozi, uspika na urais hakuna aliyemfundisha Makerere. Kwa hiyo asichague kama mtu anayechagua maisha mazima. Aulize mambo madogo yenye majibu: karakana zikoje, mafunzo kwa vitendo wiki ngapi, mkopo utafika kiasi gani, dakhalia ipo au atapanga mtaani. Awatafute wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kila chuo, awaulize hao.

Aliwapigia simu siku mbili nzima. Usiku wa mwisho akathibitisha Mbeya. Mama alinyamaza, kisha akaanza kuuliza bei ya masweta Darajani.

Siku aliyoondoka tulipanda gari ya 310 alfajiri mpaka mjini, na kabla ya kwenda bandarini akataka nimpitishe Kikwajuni auone ule ukumbi. Akasimama nje akisoma jina. Kuhusu ile "tu" yake, bado hajaniomba radhi. Nimemuachia mpaka arudi likizo.