Rashidi Mfaume Kawawa: Mwigizaji Kabla ya Uwaziri

Linapotajwa jina la Rashidi Mfaume Kawawa, aghalabu fikira huelekea kwenye siasa: waziri mkuu, makamu wa rais, msaidizi asiyebanduka ubavuni mwa Mwalimu Julius Nyerere, mzee aliyepewa lakabu ya Simba wa Vita. Huku kwetu Kenya, kuanzia Kitale hadi Bungoma na kwingineko, hata jina lenyewe husikika kwa nadra. Ni wachache mno wajuao kwamba miaka kadhaa kabla ya kuingia katika baraza lolote la mawaziri, uso wa Kawawa ulikuwa umekwisha kuonekana kwenye kitambaa cheupe cha sinema, nao watazamaji walikuwa wakimcheka kwa Kiswahili.

Alizaliwa mwaka 1926 katika eneo la Songea, kusini mwa Tanganyika, akiwa mwana wa mwindaji wa tembo. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, na hatimaye akafika Tabora, shule ya serikali iliyowalea vijana wengi ambao baadaye walishika hatamu za nchi. Njia ya kwenda Makerere ilikuwa mbele yake, lakini hakuifuata. Baba alikuwa amezeeka na wadogo zake walihitaji karo. Kawawa akaamua kutafuta kazi, akawa karani wa serikali, kisha akahamia idara iliyoshughulikia ustawi wa jamii. Uamuzi huo wa kifamilia ndio uliomfikisha mbele ya kamera, kwani idara hiyo ilihusika na elimu ya watu wazima, na chombo kimojawapo cha elimu hiyo kilikuwa sinema ya kuzungushwa vijijini kwa gari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Mashuhuri zaidi ilikuwa Muhogo Mchungu, na Kawawa ndiye aliyekuwa mhusika mkuu: mtu wa shamba aingiaye mjini na fedha zake, akaangukia mikononi mwa walaghai. Jina lenyewe limeteuliwa kwa ustadi. Muhogo mchungu haufai kuliwa kabla ya kumenywa, kulowekwa na kuanikwa hadi sumu iishe; na mshamba naye, kwa mtazamo wa waliotunga kisa, alihitaji kutayarishwa kwanza ndipo afae kuishi mjini.

Hapana budi kuutazama mtazamo huo kwa jicho kali. Filamu hizi zilikusudiwa kumfunza Mwafrika adabu za maendeleo kama mtawala alivyoyaelewa, na mkulima aligeuzwa kichekesho ili wakulima wenzake wajifunze. Hata hivyo, zipimwe pia kwa kuzilinganisha na zile za wakati wao. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo Hollywood ilijileta Afrika Mashariki kwa kishindo. The African Queen ilipigwa picha Kongo na Uganda mwaka 1951, na muda mfupi baadaye John Ford akaja na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly kutengeneza Mogambo, iliyotolewa mwaka 1953. Humo Mwafrika ni mpagazi, mpiga makasia au kundi lisilo na majina nyuma ya wapenzi wa Kizungu. Katika Muhogo Mchungu Mwafrika ndiye abebaye kisa tangu mwanzo hadi mwisho, na lugha ya kisa ni yake. Hilo si dogo, ingawa aliyelipia filamu alikuwa mkoloni.

Umri wa Kawawa katika uigizaji haukuwa mrefu. Mwaka 1953 alitumwa kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa magharibi mwa Tanganyika kwa sababu ya Mau Mau, na inafaa Mkenya alikumbuke jambo hilo. Baada ya hapo vyama vya wafanyakazi vikamteka. Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, kwa msaada wa Tom Mboya kutoka Nairobi, Kawawa alikuwa katibu wake mkuu. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na siasa, hivyo akauacha utumishi, na mwaka 1956 akaingia TANU. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya wakulima na makuli na kuwashika kwa neno lao wenyewe hakuhitaji kufunzwa namna ya kuhutubia mkutano.

Vyeo vilifuatana upesi. Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, Kawawa aliushika hadi nchi ilipokuwa jamhuri Desemba mwaka huo. Kisha akawa makamu wa rais, na kuanzia 1964 makamu wa pili wa rais wa Muungano. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tarehe kuu kupita zote hizi ni Januari 1967. Ni Kawawa aliyetoa agizo kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Wanaisimu hulitaja agizo hilo kama hatua ya sera ya lugha, nao hawakosei. Ila husahau kwamba mtoaji wake alikuwa amekwisha kushuhudia lugha hiyo ikibeba kisa kizima mbele ya umma. Bunge la Kenya lilingoja hadi mwaka 1974 ndipo Kiswahili kiruhusiwe ukumbini.

Upo upande usiopendeza. Alipokuwa waziri mkuu tena, kuanzia 1972 hadi 1977, serikali iliwahamisha mamilioni ya wakulima na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa, pengine kwa nguvu na kwa kuchomewa nyumba. Sera ilikuwa ya Nyerere, lakini Kawawa alikuwa mtekelezaji mkuu. Yule aliyeigiza mkulima anayedhaniwa hajui limfaalo sasa alikuwa miongoni mwa waliomwamulia mkulima pa kuishi.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale. Jina la mhusika wake lilikuwa limekwisha kupata mwili mwingine: mchekeshaji Abdallah Mkumbila alijulikana kwa watazamaji wa televisheni ya Tanzania kama Muhogo Mchungu. Huenda vijana wengi waliomcheka Mkumbila sebuleni hawakujua kwamba Muhogo Mchungu wa kwanza alikuwa bado hai, mzee mstaafu katika jiji hilohilo.